Giaboksi ya Marehemu Baba

Jumatatu, 3 Februari
Nimerithi trekta. Limenizidi umri, na leo limenionyesha hivyo. Nimeingia bandani mapema, nimetundika chupa ya chai kwenye kijiti cha chuma kilichochomoza chini ya kiti (marehemu Baba alifikiria kila kitu!), nimewasha. Injini safi. Moshi tele, kelele tele, kwenda haliendi. Gia ya kwanza, ya pili, ya nyuma, zote zinaingia. Magurudumu kimya.

Mama kasimama mlangoni. Kasema mavuno yanakuja na banda analihitaji. Jumamosi chuma hiki kisipotoka chenyewe, mwenye lori la vyuma chakavu atakuja kukitoa. Kayasema kwa upole. Mama akiwa mpole, amekwisha kuamua.

Jumanne, 4 Februari
Nimelala chini ya trekta mpaka mchana. Oili imenidondokea sikioni.

Dada kapita. Kaomba aangalie kidogo, maana mimi nilipokuwa masomoni yeye ndiye aliyekuwa akilima na Baba. Nikamwambia trekta ni langu, yeye ashughulike na ng'ombe wake. Wote kumi na mmoja aliorithi! Kanikumbusha kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikamjibu kwamba hapa hakuna mgonjwa. Kacheka, kaenda zake. Mgongo unauma.

Jumatano, 5 Februari
Mpango. Nimemwalika Fundi, yule wa magari hapa kijijini, aje anywe chai, kisha nikaingiza habari za giaboksi kana kwamba ni za jirani. Fundi si mjinga. Kauliza kama huyo jirani ameiweka mikono yote ya gia mahali pake. Nikamwambia jirani si mtoto mdogo, mkono wa gia ni mmoja na anaujua. Kajiongezea chai. Kasema zamani watu waliokata tamaa walitia unga wa mbao kwenye oili ya giaboksi, ila yeye hashauri.

Sikusikia hiyo ila. Nimetia nusu debe. Trekta halijaenda. Harufu ya karakana ya seremala imejaa bandani.

Alhamisi, 6 Februari
Nimefungua giaboksi. Meno yote yapo, yananitazama katikati ya uji wa mbao. Nimechota uji huo kwa kijiko cha Mama. Nimefunga. Zimebaki boliti tatu. Kiwandani walizidisha.

Kwenye boksi la vifaa nimekuta kofia ya Baba. Nimeivaa, nimekaa kitini. Kiti kimebonyea kwa umbo lake, mimi napwaya ndani. Nimemkumbuka sana. Sitaki hiki kiti kikatwekatwe na mtu asiyemjua. Tatizo ni kwamba wa kumuuliza ndiye aliyeondoka, na mimi nimechoka.

Ijumaa, 7 Februari
Mpango mkubwa. Mama alisema litoke chenyewe. Hakusema kwa gia. Mbele ya banda pana mteremko! Nimewasha injini kwa ajili ya kelele, nimemwita Mama ashuhudie, nimeachia breki.

Limetoka. Kwa madaha, kama bwana harusi. Mama kaanza kutabasamu. Kisha nikakanyaga breki, na breki nazo ni za zamani. Tumepita kwenye kamba ya nguo, tumesimama katikati ya bustani ya mboga. Nilikuwa nimevaa shuka kichwani. Mama kasema kuteremka hata jiwe linateremka, atakuja kuamini likipanda. Kisha kaenda kumpigia simu mwenye lori. Nimefua shuka.

Jumamosi, 8 Februari
Sijala. Lori limefika saa tatu, jamaa wawili na minyororo. Nimekaa kitini, nimekataa kushuka. Mtu mzima, machozi yakanitoka, wala sioni haya kuandika.

Dada kaja mbio. Kaniomba ninyanyuke. Kachungulia chini ya kiti, katoa chupa yangu, kajimiminia chai (yangu!), kisha kakisukuma kile kijiti juu. Kikalia: klak. Kaeleza mbele ya watu wote kwamba huo ni mkono wa pili wa gia: juu ni shamba, chini ni barabara, katikati ni bure, nguvu haifiki kwenye magurudumu. Chupa yangu imekuwa ikiuvutia katikati wiki nzima. Kapanda, kawasha, kaukwea mteremko wote mpaka shambani. Mwenye lori kapiga makofi. Mama kasema trekta libaki, kama litalima. Kampa mwenye lori kikombe cha chai, na mwenye lori kamwomba asiifute namba yake ya simu.

Dada kaniusia neno moja tu: nisitundike chupa pale.

Nimefikiri sana. Ukweli ni kwamba unga wa mbao ulikuwa unahitaji siku tatu kufanya kazi. Dada amebahatika tu.

Jumapili, 9 Februari
Nimeanza kulima mwenyewe, kofia ya Baba kichwani. Mstari wa kwanza umenyooka! Mama kanipungia mkono. Chupa sikutundika, mimi si mkaidi. Nimetundika kikapu.

Mstari wa pili, katikati ya shamba: moshi tele, kelele tele, kwenda haliendi. Mama namwona kule barazani, anatafuta miwani yake, simu mkononi.

Ni giaboksi. Nilijua tangu mwanzo. Kesho naifungua upya.