Nilivyotabiri Mdahalo wa Danieri na Sylivia

Jumanne, 4 Novemba

Nimeamua. Nitakuwa mwenyekiti wa chama cha wasafirishaji wa Mpondwe. Uchaguzi ni Jumatatu. Mpinzani ni mmoja tu, Nobert, mwenye malori mawili na kofia ya ngozi. Mimi nina pikapu moja, na mlango wake wa kulia unafungwa kwa kamba. Lakini nina akili!

Mwenyekiti ndiye anayepanga foleni ya magari pale mpakani na Kongo. Nobert akishika foleni hiyo, mimi na vitunguu vyangu tutazeeka pamoja barabarani.

Nimemweleza mke wangu Jamira. Alikuwa anapanga samaki wa Kasenyi kwenye beseni, hakuinua kichwa. Akasema, "Baba Mariat, watu wanataka choo pale wanapoegesha malori. Zungumza habari ya choo."

Choo! Nani alipata kuheshimiwa kwa ajili ya choo?

Alhamisi, 6 Novemba

Mungu ni mkubwa. Jumamosi saa kumi jioni televisheni itaonyesha mdahalo wa wagombea wetu wawili wa ubunge, Mheshimiwa Danieri na Mheshimiwa Sylivia. Mji wetu huu wa Bwera umegawanyika wote. Hata katika hoteli ya Mama Kellen, tunakokunywa chai, watu wa Danieri wanakaa upande wa dirisha na watu wa Sylivia upande wa jiko. Hawaazimani hata sukari.

Utamu uko hapa. Binamu yangu Tsongo anavuta nyaya katika kituo hicho cha televisheni, mjini Kasese. Kanipigia simu kwa siri. Mdahalo ulisharekodiwa jana! Alikuwa nyuma ya pazia, akasikia kila kitu. Danieri ameahidi kumpa kila dereva godoro la kulalia mpakani. Sylivia kusikia hivyo akaangua kilio. Mwisho wakakumbatiana.

Nimeyaandika yote kwenye karatasi na kuyakariri kama mtoto wa madrasa. Jumamosi nitakaa katikati ya hoteli na kutabiri kila neno kabla halijatoka. Watu watashika vichwa. Jumatatu watanipigia kura huku wanatetemeka.

Jamira kauliza kama nina hakika. Nimemjibu nina hakika kuliko hao wagombea wenyewe.

Jumamosi, 8 Novemba

Naandika nikiwa nyuma ya banda la kuku. Jua bado lipo. Sauti za watu bado zipo pia.

Nilianza vizuri! Hoteli ilijaa hadi mlangoni. Nikasimama, nikatangaza kwamba Danieri ataanza kwa kuwasalimu wananchi. Akawasalimu! Nikasema Sylivia atakunywa maji. Akanywa! Fidèle, mfanyabiashara kutoka ng'ambo, upande wa Kongo, akaweka kikombe chini. "Huyu mutu iko prophète!" akapiga kelele, yaani mimi ni nabii. Nobert akavua kofia, akajikuna. Sijawahi kuwa na furaha kama ile tangu siku ya ndoa yangu.

Nikanyoosha mkono. Nikasema, madereva, kaeni vizuri, sasa linakuja godoro.

Danieri akazungumzia kahawa.

Nikasema subirini. Akazungumzia barabara ya Bugoye. Nikasema yuko njiani. Akazungumzia kahawa tena. Madereva walikuwa wamejongea mpaka pua zao zikakaribia kugusa kioo. Godoro halikuja. Sylivia naye akawa anatabasamu muda wote, macho makavu kabisa.

Hapo wakaanza. Watu wa dirishani wakasema mwanamke gani huyu, moyo wa jiwe, hawezi kuwatolea madereva hata chozi moja. Watu wa jikoni wakajibu kwamba Sylivia ana nguvu, amekataa kulia makusudi, na kwamba Danieri ameyala magodoro yote peke yake. Hakuna aliyesikia wagombea wanasema nini. Mama mmoja alilia yeye mwenyewe, ili mtu fulani awe amelia.

Dakika ya mwisho nikajaribu kuokoa jahazi. Nikapiga ukelele, "Sasa wanakumbatiana!" Danieri akachukua mkoba wake, akaondoka bila hata kumtazama mwenzake.

Afande Wahabu, mwanajeshi mstaafu na mtu wa Sylivia, akasimama. "Wewe! Funga mdomo! Toka!" Nikatoka. Mandazi yalinifuata hadi barabarani.

Jamira alikuwa kwenye kiti karibu na televisheni wakati wote, na daftari la shule la Mariat mapajani. Anaandika. Mume wake anafukuzwa, yeye anaandika!

Jumapili, 9 Novemba

Tsongo kapiga simu. Kaniuliza mdahalo wangu ulikuwaje. Nimemuuliza yeye wa kwake ulikuwaje. Tukabishana mpaka ukweli ukatoka. Ile Jumatano walikuwa wanajaribu taa na vipaza sauti! Kwenye kiti cha Danieri alikaa dereva wa kituo. Kwenye kiti cha Sylivia alikaa mpishi. Walikuwa wanacheza. Tsongo anasema pazia lilikuwa zito. Binamu!

Na mchana mabaya zaidi. Danieri kaja sokoni Mpondwe kuhutubia. Kabla hajafungua mdomo madereva wakaanza kuimba, "Godoro! Godoro!" Akauliza godoro gani. Wakamzomea. Wasaidizi wake wakauliza neno hili limetoka wapi, na Nobert, kwa moyo wake mwema, akawaelekeza nyumbani kwangu.

Wakaja wawili, miwani myeusi. Wakamuulizia Latif, yaani mimi. Nikawaambia Latif kaenda Bugoye kwa mjomba. Wakauliza mimi ni nani. Nikasema Umaru. Sekunde hiyohiyo jirani yangu Umaru akapita na baiskeli, akaita, "Latif! Magodoro yamefika?"

Nilipandishwa juu ya pikapu yangu mwenyewe, katikati ya soko, nikapewa kipaza sauti. Nikawaambia watu wote kwamba hakuna godoro, hakukuwa na godoro, mimi ndiye niliyelizua. Kikalipuka kicheko kilichofika hadi Kongo. Binti yangu Mariat alikuwa pale na wenzake. Aligeuka akatazama nyanya. Hilo liliniuma kuliko mandazi.

Nilipokuwa nashuka, nikamwona Jamira kasimama mbele ya Danieri na lile daftari. Kasema, kwa sauti yake ileile ya kuuzia samaki, "Mheshimiwa, jana kwenye mdahalo ulisema maegesho ya malori yatapata choo na maji. Mheshimiwa Sylivia naye alisema hivyohivyo. Tafadhali tia sahihi hapa." Danieri alifurahi mno kuulizwa jambo lisilo godoro. Akatia sahihi. Jioni Sylivia akapita Bwera, naye akatia.

Walisema hivyo kweli? Wakati gani? Mimi nilikuwa nasubiri machozi.

Jumatatu, 10 Novemba

Uchaguzi. Kura za karatasi, ndani ya sufuria ya Mama Kellen. Nobert kazungumza juu ya malori yake. Mimi nimezungumza juu ya msamaha. Kisha Afande Wahabu akapendekeza jina la tatu, Jamira. Naye ni mwanachama, samaki wake huvuka mpaka kila wiki. Watu wa dirishani wakapiga makofi. Watu wa jikoni wakapiga makofi. Mara ya kwanza tangu kampeni zianze Septemba wanakubaliana!

Matokeo: Jamira 41. Nobert 19. Mimi 2.

Kura moja ni yangu. Njiani kurudi nyumbani nikajiuliza kwa sauti huyo rafiki wa pili ni nani. Jamira akasema, "Ni mimi, Baba Mariat. Sikutaka uwe peke yako." Nikambebea beseni mpaka mlangoni.

Jumatano, 12 Novemba

Mwenyekiti kanipa kazi! Anasema sauti yangu ni kubwa na ni hasara kuiacha bure. Nitakuwa msoma matangazo pale maegeshoni. Kanikabidhi kipaza sauti na karatasi moja. Kaniambia mara tatu nisome kilichoandikwa tu, nisiongeze hata nukta. Nimeapa.

Asubuhi nimesimama juu ya tairi. Madereva wote wananitazama. Nikasoma: kesho Alhamisi mizani ya malori itafungwa hadi saa sita mchana kwa matengenezo.

Fupi mno! Watu walikuwa bado wananitazama. Nikaongeza kidogo tu, kwamba huenda ikafungwa na Ijumaa. Wakaguna. Nikaongeza Jumamosi. Fidèle akashika kichwa. Nobert akapanda lori lake mbiombio, akageuza, akaondoka na tani kumi za maharage kuelekea Kasese. Malori saba yakamfuata.

Dereva mmoja kaniuliza nimejuaje. Nilitazama milimani kidogo, nikatabasamu kama mtu mwenye habari zake.

Kazi hii nitaiweza.