Malalamiko Kuhusu Mtoto wa Jicho Mliyemtangazia Msiba

Kwako Bibi Mkurugenzi wa shirika la macho,

Salamu za heshima zikufikie wewe na watumishi wote wa kliniki, kuanzia daktari hadi mlinzi wa lango. Niwie radhi kwa kuchelewa kuandika. Tangu mniondolee mtoto wa jicho nasoma kila kilichonipita miaka sita, na jarida lenu lilikuwa chini ya rundo.

Shukrani zangu hazina kifani. Hata hivyo, hadithi yangu iliyomo humo, ambayo nasikia ilikwenda ng'ambo kwa wafadhili ikarudi imetafsiriwa, inanilazimu kulalamika.

1. Picha iitwayo "Kabla" ilipigwa baada. Mpiga picha alinisihi nivue miwani na kupinda mgongo. Nilipinda kwa adabu. Haujanyooka hadi leo.

2. Mmeniita mjane. Mwanamume aliyefiwa na mke ni mgane. Hili nimelisamehe.

3. Imeandikwa: "Mwezi Machi alimpoteza mtoto wake, na siku hiyo hiyo akaanza kuuona ulimwengu upya." Aliyeondolewa ni mtoto wa jicho. Mtoto wangu wa kuzaa ni mmoja, binti, mwalimu wa hesabu, mzima kabisa.

4. Majirani walikuja kunihani, wakakaa uani siku tatu. Fundi viatu alilia hata ikabidi nimbembeleze. Nilipoeleza habari ya jicho, mkewe alinong'ona, "Mwacheni mzee, uchungu umempanda kichwani."

5. Binti yangu, ambaye hajakanyaga hapa tangu tumzike mama yake miaka minne iliyopita, alipiga simu: "Baba, umenizika hata bila kunialika?" Akakata. Sasa hapokei. Hili, Bibi, ndilo linaloninyima usingizi.

Naomba basi moja kati ya mawili: mchapishe masahihisho ukurasa wa kwanza, au mnirudishie mtoto wa jicho, walau wa kushoto, ili iandikwe kwamba mtoto amepatikana na msiba uishe.

Wasalimie wauguzi wote, na mpiga picha pia, hana kosa.

Ni mimi mtiifu wako,
Mzee wa ukurasa wa nne.

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, binti alifika, Jumatatu, ili majirani wamwone kwa macho yao. Alisema atalala usiku mmoja. Leo ni Ijumaa, na anapanga upya kabati la vyombo la mama yake. Kwa hiyo masahihisho msichapishe. Na mwakani, kama si usumbufu, mumfishe tena, karibu na likizo ya shule.

Barua hii inaletwa na marehemu mwenyewe. Tafadhali mpeni kiti.