Nimeuhamisha Mto Tana Mbele ya Wazee

Leo nimeuhamisha Mto Tana. Kwa mdomo na chaki, mbele ya wazee kumi na wawili. Kisha redio ya serikali ikatangaza kwamba mto wenyewe hauna habari.

Nawaandikia nyote tuliosoma pamoja chuo cha ualimu, kwa kompyuta ileile iliyoniponza, niliyoazimwa kwa leo tu. Mnajua mimi si mtu wa kujisifu (aliyeguna hapo nimemsikia), lakini ndani ya aibu hii kuna fahari kubwa, na nataka mzipate zote mbili kwangu kabla hamjaipata moja tu kutoka sokoni.

Kwa wale tuliopoteana: bado nafundisha jiografia hapa Garissa. Yusuf alikuwa mwanafunzi wangu, yule aliyefungua redio ya bweni na kuirudisha ikiimba vizuri zaidi, na skrubu nne zimebaki mkononi. Sasa yeye na mwenzake wana kampuni yao Mombasa. Ndogo. Chumba kimoja juu ya duka la vipuri. Wanatengeneza kisanduku cha kufunga kwenye chombo cha majini. Kisanduku hicho hupokea ishara za setilaiti, kikajua kilipo, kisha kikatuma habari kwa redio hadi kwenye kompyuta. Kwenye ramani inatokea nukta nyekundu. Chombo kikisogea, nukta nayo inasogea.

Mtasema, meli na Garissa wapi na wapi? Kila mtu aliniuliza hivyo. Lakini mbuzi wetu huenda Uarabuni kwa meli, na mwaka juzi meli moja iliondoka Mombasa na mbuzi wa mume wangu Farah, na wa nusu ya soko, ikanyamaza wiki tatu. Wakala akipigiwa simu anasema iko njiani. Farah alikuwa anakaa na chakula mbele yake mpaka kinapoa. Kumbe injini ilikufa na meli ilikuwa imejibanza kwenye bandari nyingine, wanangoja kipuri, na mbuzi wanakonda hadi kufa. Laiti tungejua, tungewapelekea majani na maji. Basi Yusuf aliponionyesha kisanduku chake, sikuhitaji kuhubiriwa.

Nilikuwa na ngamia tisa majike, urithi wa baba, wanachungwa na ami yangu kule Bute. Adeer Issack, kwa Kisomali chetu. Nilimwandikia barua auze watano, fedha niziingize kwenye kampuni ya Yusuf. Hakujibu. Alikuja mwenyewe juu ya lori, akakaa kwangu siku mbili akinywa chai, siku ya tatu akauliza swali moja tu: hicho kitu kinazaa? Nikamwambia kitazaa, inshallah. Akaenda akawauza. Tangu hapo, mtu akimuuliza ngamia wa Halima wako wapi, anajibu kwamba wamekwenda baharini.

Ndivyo nilivyokuwa mmoja wa wenye kampuni ya vyombo vya majini. Mimi, nisiyejua kuogelea.

Sasa, leo. Kikundi cha wafanyabiashara wa mifugo kilikuwa kikutane kuamua kama kisanduku chetu kitafungwa kwenye meli itakayochukua mbuzi wao safari ijayo. Wakikubali, kampuni ina mteja wake wa kwanza. Wakikataa, Yusuf na mwenzake wanafunga chumba, na Adeer ana haki ya kuniuliza habari za bahari. Naye alikuwa amekuja kushuhudia, koti lake la sherehe mwilini, katikati ya joto la Garissa.

Kwa kuwa bahari hatuna, Yusuf alikuwa amefunga kisanduku kwenye mashua ya kuvushia watu kule Masalani, mbali mto unakoelekea baharini. Mwenye mashua ni Mzee Komora, Mpokomo, mtu wa maneno machache. Nilikwenda na Yusuf kukifunga na nikamsisitizia Mzee Komora mara tatu, kama mwanafunzi wa nyuma ya darasa, kwamba kisibanduliwe kwa sababu yoyote ile. Alinitazama kwa subira akasema amesikia.

Tulipewa ukumbi mdogo wa ofisi ya mifugo, jirani na chumba cha redio ya kuitana na ofisi za mbali. Nilivaa baibui jipya. Nilibeba chaki zangu (sikuombwa). Yusuf alitaka kueleza yeye, kijana wa watu, fundi mwenyewe. Nikamwambia akae, mwalimu yupo.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Nukta ya kwanza ikatua katikati ya mto. Ya pili, baada ya dakika kumi, ikatua ukingo wa pili. Nikawaambia wazee: hapo mashua imevuka, hapo watu wanashuka. Haji Bare, mwenyekiti wa kikundi, aliisogelea kompyuta mpaka miwani ikagusa kioo. Farah, kule nyuma, alinitazama kama siku ya harusi. Nilihisi nimerefuka.

Nukta ya tatu ikatua nchi kavu.

Si ukingoni. Nchi kavu kabisa, kwenye vichaka. Yusuf akaninong'oneza tungoje nukta inayofuata. Tukangoja. Ya nne ikaja, mbali zaidi na mto, inaelekea Masalani mjini. Haji Bare akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mwalimu," akasema, "mashua yenu imeota miguu?"

Wazee wakacheka kidogo, kwa adabu. Sasa hapo mtu mwenye akili angesema sijui. Neno lenyewe ni dogo, na kila siku nawasihi wanafunzi wangu walitumie. Mimi nilichukua chaki.

Nilichora Mto Tana wote ukutani, mkunjo kwa mkunjo. Nikaeleza jinsi mto wa nchi tambarare unavyokula ukingo mmoja na kujenga mwingine, na kwamba baada ya mafuriko makubwa kama yale yaliyotupata, mto unaweza kuacha njia yake ya zamani ukafungua mpya. Kwa hiyo mashua iko majini, ramani ndiyo ya zamani. Mto umehama. (Sauti yangu, ndugu zangu, haikutetemeka hata kidogo. Ningejifaulisha kwa alama zote.)

Wazee wakatazamana. Nikadhani wameelimika.

Kumbe nilikuwa nimesahau nazungumza na nani. Haji Bare ana shamba la migomba na pampu ya maji ukingoni mwa mto, hukohuko Masalani. Mzee aliyekaa karibu na dirisha ana mke wa pili na ng'ombe huko. Haji akauliza, polepole, mto umehama lini. Nikatazama kompyuta, nikatazama nukta, nikasema inaelekea ni leo asubuhi.

Yusuf alifunika uso kwa mikono miwili.

Wakati huohuo nukta ya tano ikaingia, nyuma ya soko la Masalani. Kwa maelezo yangu mimi, Mto Tana sasa ulikuwa unapita sokoni. Mzee wa dirishani akasimama akisoma dua. Haji Bare tayari alikuwa chumba cha redio, nasi sote nyuma yake, tumejazana mlangoni. Kijana wa redio si mtu wa huku, kwa hiyo Haji alimwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni:

"Uliza Masalani, mto iko wapi."

Yule kijana akamtazama. Akanitazama mimi. Nikatazama dari. Akaita Masalani, akauliza kama alivyoambiwa. Sauti ikaomba arudie swali. Akarudia. Sauti ikasema ngoja, itamtuma mtu akaangalie.

Tulingoja karibu nusu saa. Sijawahi kuona nusu saa ndefu kiasi kile, na nimesimamia mitihani ya taifa. Watu walikuwa wanahesabu jamaa zao wa Masalani kwa majina. Mimi nilisimama pale nikiwa na hofu mbili: kwamba mto haujahama, na, Mungu anisamehe, kwamba umehama kweli.

Redio ikakoroma.

"Garissa, mto upo mahali pake. Narudia, mto upo. Nani anauliza? Ova."

Macho yote yalikuwa yananijibia. Kisha ile sauti ikasema kuna mzee hapo ofisini ana neno kuhusu mashua, na akampa nafasi. Alikuwa Mzee Komora. Alieleza bila haraka kwamba baada ya kuvusha watu asubuhi aliona mashua inaingiza maji, akaivuta nchi kavu, akaipakia kwenye mkokoteni wa punda na kuipeleka kwa fundi seremala izibwe. Mjumbe amemkuta njiani akirudi. Halafu akasema, na sauti yake ilikuwa na wasiwasi kidogo:

"Mwalimu alisema kisanduku kisibanduliwe, nami sikukibandua. Nimekwenda nacho hivyohivyo. Nimekosea?"

Basi hapo ukumbi, chumba cha redio na veranda vilipasuka. Haji Bare alicheka mpaka akashika ukuta. Kijana wa redio alicheka huku bado ameshikilia swichi, kwa hiyo nina hakika na Masalani walisikia. Mume wangu, baba wa watoto wangu, alitoka nje kabisa ili acheke kwa nafasi. Mtu mmoja akauliza kama mto utarudi kabla ya swala ya adhuhuri au baada yake.

Jambo lililoniuma si kicheko. Ni kwamba nukta ilikuwa inasema kweli tangu mwanzo. Kila hatua ya yule punda, kisanduku chetu kilikuwa kimeionyesha. Mtu pekee ukumbini aliyekikana alikuwa mmiliki wake. Niliona ni rahisi mto mzima kuhama kuliko kuamini kitu nilichouzia ngamia watano. Nilimtazama Yusuf nikataka kumwomba radhi, badala yake nikawa napangusa chaki vidoleni.

Asiyecheka alikuwa Adeer Issack peke yake. Alisogea mpaka kwenye redio, akamwambia yule kijana amuulize Mzee Komora fundi seremala anakaa wapi hasa. Jibu likaja: karibu na kisima, upande wa nyuma wa soko. Adeer akarudi ukumbini, nasi tukamfuata. Akamwambia Yusuf amwonyeshe kisima kwenye ramani. Yusuf akaweka kidole. Nukta ya mwisho ilikuwa chini ya ukucha wake.

Adeer akainama, akatazama kwa muda. Hajui kusoma, lakini macho yale yamefuata nyayo za ngamia waliopotea kutoka Bute hadi Buna, na anajua alama ya kweli akiiona. Akainuka akawageukia wazee. Alisema kwa Kisomali, nami nawatafsiria kadiri niwezavyo:

"Nimekaa kwenye kesi nyingi. Shahidi wa kununuliwa husema anachotaka aliyemnunua. Huyu, mmiliki wake amemkana mbele yetu sote, amechora mpaka ukutani, na bado shahidi hakubadilisha neno. Mimi mali yangu ningempa huyu ailinde."

Kicheko kikaisha chenyewe. Haji Bare aliuliza maswali mengine matatu ya maana sana, na safari hii aliyejibu ni Yusuf. Mimi nilikaa kwenye kiti, mikono mapajani, chaki mfukoni. Alijibu vizuri. Aliposhindwa swali moja kuhusu dhoruba, alisema hajui, watajaribu na watajua. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Nilimwona jinsi alivyokua, nikafurahi moyoni kana kwamba nimemzaa.

Wakakubali. Kisanduku kitafungwa kwenye meli ya safari ijayo, na Haji Bare ameomba kompyuta ikae palepale ofisi ya mifugo ili kila mwenye mbuzi aingie atazame. Mzee wa dirishani naye anataka kujua kama vinatengenezwa vidogo vya kufunga kwa ng'ombe. Yusuf ameandika swali hilo kwenye daftari na kulipigia mstari mara mbili.

Mlangoni Farah alinipokea kwa uso mkavu, midomo ikimcheza. Akaniambia anajivunia mke wake. Nikamwuliza kwa lipi. Akasema amechagua kutojibu swali hilo mpaka tufike nyumbani.

Adeer anarudi Bute keshokutwa. Kwenye chai ya alasiri aliniambia, bila kunitazama, kwamba kile kitu kinazaa. Kwa mtu kama yeye hiyo ni hotuba, na nimeiweka moyoni.

Basi ndugu zangu, mkinijibu, anzeni na pongezi, vicheko viwekeni chini kabisa ya ukurasa. Nina sababu ya kuomba. Haji Bare ana mjukuu Kidato cha Pili, kesho saa mbili asubuhi nina kipindi nao, na somo, kwa ratiba niliyoipanga mwenyewe, ni mito.