Sifongo Laini ni za Waoga

Jumatatu, 4 Agosti

Leo asubuhi mama mkwe kalivua turubai gari la marehemu mzee. Gari jeusi, refu, la heshima zake. Jua lilipolipiga tu, siri ikatoka: mikwaruzo myembamba ya mviringo, mwili mzima, utadhani buibui wamefanyia mkutano juu yake. Ndiyo matokeo ya kufuta vumbi kwa kitambaa kikavu. Mama mkwe akapitisha kidole kwenye boneti, taratibu, kama anayemfuta mtu machozi. Akasema Jumamosi mjukuu wake anaolewa, atapanda gari hili, na halitatoka getini likiwa hivi.

Alitaka kumwita shemeji. Huyu ni mdogo wa kike wa mke wangu, anang'arisha magari kwenye gereji ya rangi. Nikausikia mdomo wangu ukisema hakuna haja, mimi nipo.

Nina sababu. Atakayeling'arisha ndiye atakayeliendesha. Hakuna aliyetamka hivyo, lakini ndiyo haki. Wajomba wa mke wangu wananiita Bwana Mipango, na si kwa kunisifu. Acha waje wanione nyuma ya usukani ule!

Mke wangu kaniuliza kama nimewahi kung'arisha gari. Nimemjibu nimeng'arisha viatu maisha yangu yote, tofauti ni ukubwa tu.

Jumanne, 5 Agosti

Duka la vipuri. Muuzaji kanipangia pedi za mashine mezani: ya manyoya ya kondoo, sifongo ngumu, sifongo ya kati, sifongo laini kama shavu la mtoto. Akauliza mikwaruzo ikoje. Nikasema ni midogo, inaonekana juani tu. Akasema basi laini inatosha, na ikishindwa nichukue ya kati.

Nikamtazama kwa huruma. Mtu mzima anakwenda vitani na mto wa kulalia! Dawa ya moto ni moto. Nimechukua ya manyoya, na dawa ya kung'arisha yenye chengachenga kama mchanga. Kazi ya siku mbili nitaimaliza kabla ya chai.

Jioni nimemtumia shemeji ujumbe: Mama kaghairi, bibi harusi atakodiwa gari jingine. Ameitikia "sawa" tu. Amenasa. Nalala na tabasamu.

Jumatano, 6 Agosti

Mashine nimeazima. Hakuna aliyeniambia ina nguvu za punda. Nilipoibonyeza, dawa yote ilirukia kamba ya nguo, na shuka nyeupe za mama mkwe sasa zina madoadoa. Nimezigeuza upande wa pili.

Lakini mikwaruzo ya boneti imetoka! Yote! Nimecheza peke yangu uani. Kisha nikaifuta dawa, nikarudi nyuma nitazame vizuri. Boneti imepauka. Imeshika ukungu, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Nikafuta. Ukungu upo. Nikafuta kwa shati langu. Upo, na shati limekwisha.

Mama mkwe akachungulia dirishani, akauliza mbona nimelifunika. Nikamwambia rangi ikisuguliwa lazima ipumzike, inapumua. Akaitikia kwa kichwa kwa heshima, akaniletea chai.

Alhamisi, 7 Agosti

Alfajiri nimepaka boneti mafuta ya kupikia. Wazo la ajabu! Ikawaka nyeusi kama usiku. Mama mkwe kaja, kanisifu, hata kaniita mwanangu. Kufikia saa nne vumbi lote la mtaa lilikuwa limehamia pale. Nzi pia.

Hapo ndipo geti likagongwa. Shemeji, na begi lake la kazi. Kumbe mke wangu alikwisha kumweleza kila kitu tangu Jumanne. Ndoa ni kitu cha ajabu.

Shemeji akagusa boneti, akanusa kidole, akaniuliza ninapika nini. Halafu akacheka, kicheko chake kile cha gereji nzima kugeuka. Nilijiandaa kuaibishwa. Wala. Alifunga geti la ua, akaniambia nilete maji ya sabuni.

Baada ya kuosha, akabandika utepe wa karatasi kwenye boneti, akaacha kipande kama kiganja. Nikamuuliza kwa nini anachezea kadogo hivyo na siku zimekwisha. Akasema hata yeye hajui pedi ipi itafaa mpaka ajaribu.

"Unaanza na laini," akasema. "Ikishindwa, unapanda kidogo. Rangi ikishaliwa hairudi, shemeji."

Laini ilishindwa na ukungu wangu. Akapanda ya kati, mwendo mdogo, mkono umetulia kama anambembeleza mtu alale. Ukungu ukaondoka. Akamalizia na laini, na pale ndani ya utepe pakatokea kisima. Niliona mawingu humo. Niliona uso wangu, na nilikuwa nimeacha mdomo wazi.

Milangoni laini peke yake ilitosha, kama muuza vipuri alivyosema. Nilishika waya usimkwaze. Saa nzima nilisahau kumwonea wivu. Sijawahi kumwona mtu akiifurahia kazi hivyo: anasimama, anafuta, anainama, anatazama kwa taa, anajibishana na rangi, anajicheka mwenyewe. Mdogo wa mke wangu ni fundi, basi. Nimeandika.

Mama mkwe akatoka. Alijiona mlangoni mwa gari, akatengeneza mtandio wake, akabaki pale.

"Hivi ndivyo lilivyokuwa siku aliyonileta nalo nyumbani," akasema.

Kisha akauliza nani kafanya. Shemeji akasema tumefanya wote wawili, mimi nilianza. Hakusema nilianzaje.

Jumamosi, 9 Agosti

Nilikuwa nimesimama kando ya mlango wa dereva, suti imenyooka. Mama mkwe kaja na funguo, kaniambia nisogee. Kumbe mzee alimfundisha kuendesha zamani, na hakuna aliyewahi kumuuliza!

Aliendesha kama anabeba mayai. Watu walisimama vibarazani kumtazama. Shemeji alikaa mbele, bibi harusi nyuma, na mimi pembeni yake, nimepakata shela ili isikanyagwe. Wajomba walinipungia. Nadhani walikuwa wanampungia mama mkwe. Nami nilimtazama mabega yake yaliyonyooka, nikaona kweli, mahali pale ni pake.

Jumapili, 10 Agosti

Jana kwenye sherehe baba wa bwana harusi alilizunguka gari, akauliza fundi ni nani. Shemeji alikuwa anacheza. Nisingemkatiza.

Yeye ana gari lake, lina mikwaruzo hiyohiyo. Nimemwambia nakuja Jumatatu, na kwamba namaliza kabla ya chai. Akauliza vipi kuhusu kuanza na pedi laini, maana amesikia hivyo mahali. Nikamweleza kwa upole kwamba hayo ni mambo ya magari meusi. Lake ni jeupe.

Gari jeupe halionyeshi ukungu.