Maiki Inayosikia Kulesa Nzima

Jumatatu, 11 Agosti

Hatimaye! Beryl, yule mwenye ukumbi wa gemu pale Garsen, anatafuta mtangazaji. Jumamosi kuna mashindano ya gemu ya mpira, na atakayechaguliwa atatangaza kila wikendi mpaka Desemba, kwa malipo. Usaili ni Alhamisi saa kumi jioni. Kila mmoja atacheza na kutangaza laivu akiwa kwao, Beryl asikilize. Tumejitokeza wawili, mimi na Kaingu. Yaani nimejitokeza mimi.

Shida ni sauti. Natumia maiki ya waya wa simu. Shabiki wangu mmoja (ninao kumi na wanne) aliandika kwamba nasikika kama mtu aliyetumbukia kwenye pipa.

Shida ya pili ni Mama. Amesema nisipopata kazi kabla ya mavuno, naenda Wenje kulima ndizi kwa Mjomba Zachary. Mpunga umeshainamisha vichwa. Hata mimi nisiyependa kuutazama nimeona.

Jumanne, 12 Agosti

Nimetazama video kumi na moja za maiki za USB za bei nafuu. Video zote ni za vijana waliojifungia kwenye vyumba vyenye sponji ukutani. Wote wananong'ona. Hakuna hata mmoja mwenye shamba nyuma ya dirisha.

Zimebaki maiki tatu za kuchagua. Ya kubana kwenye shati nimeikataa, ni ya wahubiri. Ya pili inasikia mbele tu. Ya tatu inasikia pande zote na ina taa za rangi saba.

Nilimpigia Kaingu, kwa ujanja, nikajifanya namuulizia binamu yangu. Akajibu papo hapo kwamba binamu achukue inayosikia mbele tu na aiweke ngumi moja kutoka mdomoni, maana huku kwetu Kulesa kuna kelele za mashamba. Tena akanitakia kila la heri Alhamisi! Mshindani gani huyo anayekupa ushauri bure? Anataka niwe na maiki yenye sikio moja.

Nimeagiza ile ya pande zote.

Jumatano, 13 Agosti

Imefika na basi la Mombasa! Nzuri mno. Nimeiwasha taa tu nikaitazama nusu saa.

Kisha Mama akaingia. Kesho ni zamu yangu ya kuamia ndege, kuwafukuza kwenye mpunga, kuanzia alfajiri mpaka jua lizame, kwa sababu yeye anaongoza mkutano wa akina mama kanisani. Nikamweleza habari ya usaili. Akasema ndege hawana habari na usaili.

Hapo ndipo kichwa changu kilipofanya kazi. Nimejirekodi kwa maiki mpya: "Hoooo! Hayaaa! Tokaaa!" Dakika nzima, na debe nikilipiga kwa mwiko. Nimeitia kwenye spika yetu ya kuchaji, ijirudie yenyewe. Kesho naifunga dunguni, pale juu ya jukwaa la kufukuzia ndege, halafu narudi ndani. Nashangaa hakuna aliyewahi kuwaza hivi.

Alhamisi, 14 Agosti

Asubuhi mambo yalikwenda vizuri ajabu. Spika ilipiga kelele, ndege wakatimka, mimi nikalala.

Nilisahau jambo moja tu. Huku kwetu ukipiga kelele shambani mwako, jirani lazima apokee, na wa pili yake apokee, mpaka shamba la mwisho, ili ndege uliowafukuza wasitue kwa mwenzako. Asiyepokea anasemwa mwaka mzima. Sasa, spika yangu haikupumzika. Basi hakuna aliyepumzika. Mashamba sita! Kila mtu alidhani ndege wa mwaka mzima wamekuja siku moja. Kufikia adhuhuri Mama Kadzo wa shamba la pili hakuwa na sauti tena, anapiga debe tu. Na ndege? Walishaizoea spika. Walikuwa wameikalia.

Saa kumi nikaingia laivu. Nikasema, "Karibuni mashabiki," na maiki ikasikia pande zote kama ilivyoahidi. Ilinisikia mimi. Ilinisikia mimi mwingine wa dunguni. Ilisikia debe la Mama Kadzo na mashamba yote mpaka mtoni. Nikafunga bao, umati ukapiga kelele "Tokaaa!" Nikafunga dirisha. Nikajifunika shuka pamoja na maiki, nikawa natangaza kwa jasho. Haikusaidia hata kidogo. Watazamaji wakapanda kutoka kumi na wanne hadi mia mbili na sita, wote wanauliza huo ni uwanja gani.

Ndipo Mama akarudi. Maiki ilimsikia akiwa bado njiani, akiniita jina langu lote na la marehemu babu, akitaka kujua nani yuko dunguni. Akataja na Wenje. Watu mia mbili na sita sasa wanajua habari za Wenje.

Ijumaa, 15 Agosti

Beryl amepiga simu! Amesema hajawahi kusikia umati kama ule. Nikamshukuru, nikasema nimeupanga mwenyewe.

Akasema utangazaji amempa Kaingu, kwa sababu Kaingu anasikika. Ila anautaka ule umati ukumbini kesho, ushangilie, ulipwe. Akaomba namba ya kiongozi wao.

Kiongozi wao ni Mama.

Mama Kadzo alikuwa amekuja kunishtaki. Hana sauti, kwa hiyo alininyooshea kidole tu, muda mrefu sana. Aliposikia habari ya malipo, sauti ikarudi.

Jumamosi, 16 Agosti

Wameondoka wote asubuhi, leso za sare, madebe mkononi. Wamechukua na spika. Mashamba sita ameachiwa nani? Mimi, James!

Napiga kelele, hakuna anayepokea. Sikujua inaumiza hivi. Nafukuza ndege huku, wanatua kule. Nimefungua laivu ya Garsen kwenye simu. Mama anashangilia vizuri kuliko wote. Kaingu anasikika kila neno. Anatumia inayosikia mbele tu, ngumi moja kutoka mdomoni. Nimeona wivu mpaka nikazima simu.

Mama ameshaamua kwamba Jumatatu naenda Wenje. Mjomba Zachary amepiga kunikaribisha, lakini muda wote alikuwa analalamika kwamba tumbili wanammalizia ndizi.

Tumbili!

Nimekaa dunguni nikafikiri vizuri. Kosa langu lilikuwa moja tu, spika ilikuwa ndogo. Na tumbili wa Wenje hawajawahi kusikia sauti yangu. Nimemwandikia yule muuzaji nikamuuliza kama ana spika kubwa, na maiki inayosikia mbali zaidi ya hii.

Anazo. Nimeagiza.