Kopo la Wifi

Jumatatu, 4 Machi

Kliniki. Miezi saba imetimia. Leo nilikusudia kuishinda mizani, na nani wa kunifundisha mimi mizani? Miaka tisa nauza unga, maharage na sukari kwa kilo. Mtaa mzima wananiita Mama Kilo. Sahani najua inavyobembelezwa. Kidole kidogo tu pembeni, mteja anatazama mshale, robo imepatikana.

Mizani ya kliniki ni ya kusimama na iko karibu na dirisha. Mpango: kupanda, kujifanya nina kizunguzungu, kuegemea dirisha kwa mkono wa kushoto. Kilo tatu zinapotea hapo hapo! Nikafanya hivyo. Mshale ukaanza kushuka vizuri, mpaka nikamshukuru Mungu kimoyomoyo.

Nesi mkuu, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, hakuinua hata uso. Akasema nishushe mkono, yeye pia ana dada anayeuza sokoni. Benchi zima likacheka.

Kilo tano kwa mwezi mmoja. Kaziandika kwa kalamu nyekundu. Anasema mtu aliyeanza mimba na mwili mkubwa kama wangu hatakiwi kupanda mbio hivyo, na huenda sukari inanisumbua. Jumatano nipeleke mkojo wa asubuhi kwenye chupa safi. Ikionekana sukari, chai yangu ya vijiko vinne basi, na kujifungua ni hospitali kubwa, si pale karibu na nyumbani.

Vijiko vinne kaambiwa na nani? Mama mkwe. Hakuna mwingine.

Jumanne, 5 Machi

Niandike kuhusu wifi, nipunguze moto. Ni dada wa mume wangu, karudi kwa mama yake kujifungua. Mimba zetu zimepishana wiki mbili. Yeye mwembamba, ukimwona kwa nyuma hujui kama ana kitu. Kila nguo inamkaa. Mimi nimebakiwa na madera mawili, na moja limeanza kulalamika kwenye mshono.

Leo mama mkwe katutazama sote wawili uani. Kisha kanigeukia, mbele ya wateja wa mume wangu.

"Mwenzio kabeba mtoto. Wewe umejibeba mwenyewe."

Mume wangu ni fundi redio. Aliinamia redio iliyokwisha kupona tangu juzi, akaendelea kuitengeneza. Sitasahau.

Wifi naye kutwa ni maji. Jagi zima kabla ya saa nne asubuhi, halafu mbio chooni, halafu jagi jingine. Choo chetu kiko mwisho wa ua na hawahi kufika, kwa hiyo kawekewa kopo chumbani, lenye mfuniko, kama malkia. Mimi nimebeba mimba hii na nyingine mbili kabla yake, kopo sijaliona.

Nimelitazama sana lile kopo. Mtu mwembamba vile, chakula anadonoa tu. Mkojo wake utakuwa maji ya mvua.

Jumatano, 6 Machi

Nimeamka kabla ya wote nikajitolea kumwaga kopo la wifi. Mama mkwe kashangaa mpaka kaniombea dua. Wifi kanishika mkono, akasema kwao walizaliwa wavulana watupu, yeye hajawahi kuwa na dada. Haya. Nikajaza chupa yangu. Nilikwisha kuichemsha, mimi si mchafu.

Kliniki nikaketi benchi la mbele, najiamini. Nesi mkuu kachovya kijiti. Rangi ikageuka, ikageuka, ikafika ile ya mwisho kabisa kwenye boksi. Kachovya kijiti cha pili. Ile ile. Akavua miwani.

Sukari! Ya kutosha kufungulia duka!

Kanieleza taratibu, kana kwamba nimefiwa. Mimba ikikua, kondo la nyuma linatoa vitu vinavyoufanya mwili wa mama ushindwe kuitumia sukari kama zamani. Miili mingi inajitahidi na kumudu, mingine inazidiwa. Sukari inabaki kwenye damu, inapita kwa mtoto, mtoto ananenepa kupita kiasi, au anazaliwa taabani, au hafiki. Nikamuuliza kama hilo ni la wanene tu. Akasema wanene wako hatarini zaidi, lakini kashawazika watoto wa wembamba pia.

Vijiti vya kupimia damu vimekwisha, vinakuja Ijumaa. Niende bila kula, na pakiti ya glukosi ya gramu mia.

Nilikuwa nimefika getini ndipo nikaelewa. Sukari si yangu. Ni ya wifi! Yale maji. Lile kopo. Na kliniki yake ni mwisho wa mwezi.

Nitamwambia. Lakini naanzaje? Wifi, samahani, mkojo wako nimeupeleka matembezi? Nitamwambia kesho.

Alhamisi, 7 Machi

Nimejaribu kusema bila kusema. Wifi alikuwa anakunywa soda ya tatu. Nikamshauri aache vitu vitamu, aende kupima, siku hizi kuna magonjwa. Akacheka, akasema kiu haimwishi.

Mama mkwe kadakia kutoka jikoni. Sina haya, namhesabia mwenzangu anachokunywa. Kijicho tu, kwa kuwa mwanawe hajaharibika umbo. Nikamjibu kwamba nakusudia mema. Akasema mema yangu anayajua, aliwahi kununua mchele kwangu.

Mchana wifi alisinzia amekaa, mikono ndani ya beseni la nguo. Tukamwamsha, akasema macho yanaona ukungu. Mama mkwe akanilaumu mimi kwa kumwachia afue.

Neno lilikuwa limenifika hapa kooni. Nikafikiria benchi la kliniki linavyocheka. Nikalimeza. Mimi ni mtu mbaya, lakini si mimi niliyeanza.

Ijumaa, 8 Machi

Tumbo tupu tangu jana. Nesi mkuu kanitoa damu, kapima gramu sabini na tano za glukosi, kakoroga, kanisimamia mpaka tone la mwisho. Pakiti na kilichobaki kanirudishia. Nikatolewa damu tena baada ya saa moja, na tena baada ya saa mbili.

Safi! Zote tatu safi! Mwili wangu huu unaosemwa na kila mtu unaila sukari kama kawaida. Ningepeleka mkojo wangu mwenyewe, leo ningekuwa dukani nimekunja nne.

Nesi mkuu hakufurahi. Kafunga mlango. Akasema mkojo ule na damu hii si vya mtu mmoja. Nikasema labda chupa zilichanganyika. Akasema siku ile chupa ilikuwa moja. Nikasema labda kijiti kibovu. Akasema vilikuwa viwili.

"Kuna mama anatembea na sukari na hajui," akasema. "Mtoto akifa tumboni, utakwenda kumwambia chupa zilichanganyika? Nitajie."

Nikamtaja. Nililia mpaka dera likalowa. Sijui nilimlilia nani, wifi au mimi.

Jumamosi, 9 Machi

Nesi mkuu kaja nyumbani kwa miguu yake na kimashine cha kupimia sukari. Katoboa kidole cha wifi uani. Akaangalia namba, akasema gari litafutwe sasa hivi.

Mama mkwe kaanguka kwenye mkeka. Mume wangu kauliza nesi alijuaje, na nesi akanitazama. Ikabidi niseme. Chupa, kopo, yote, mbele ya wateja wawili wenye redio zao mikononi. Hakuna aliyecheka. Ingekuwa nafuu wangecheka.

Jumatano, 13 Machi

Wifi karudi kutoka hospitali kubwa. Mtoto anacheza tumboni, sukari imeshuka, anachoma sindano mara mbili kwa siku. Daktari kasema wiki mbili tatu zaidi tungekuwa tunaongea mengine.

Nilijificha dukani. Akanifuata mwenyewe, polepole, akakalia gunia la maharage. Nilitegemea matusi. Majibu nilikuwa nimeyaandaa.

"Wifi, ungeniomba tu," akasema. "Ningekupa."

Basi. Akaondoka. Majibu yangu yote yamebaki bila kazi.

Jumanne, 19 Machi

Sasa vumilia haya. Limeletwa jokofu dogo kwa ajili ya dawa za wifi. Mimi kuweka chupa yangu ya maji humo mpaka ruhusa. Mama mkwe anatembea naye kila baada ya mlo, wameshikana mikono. Mume wangu, yule asiyeweza kuinua kichwa, kamfungia redio chumbani asikae mpweke. Mizani yangu ya duka imehamia jikoni, chakula cha wifi kinapimwa. Nilisogea kusaidia, mama mkwe akaniambia niweke mikono nyuma.

Na mimi niliyeokoa maisha? Maana ni mimi! Nisingeiba, nani angejua? Hakuna aliyesema asante. Kwangu mimi kauli ni moja tu, kwamba sina tatizo. Sina tatizo, nikafue. Sina tatizo, nikafungue duka.

Kesho ni kliniki, mkojo tena. Nimeikumbuka ile pakiti ya glukosi, ipo kwenye kibeti. Kijiko kimoja kwenye chupa, ya kwangu safari hii, mkojo wangu halali kabisa. Sukari kidogo tu, ya kunipatia wiki moja ya kushikwa mkono.

Nilisubiri jikoni kuwe na nafasi, nikaipima kwenye mizani yangu. Imebaki gramu ishirini na tano kamili, bila kidole pembeni.