Halua ya Eastleigh na Radhi ya Baba

Jamani, leo sina uso. Asubuhi nilipoondoka Nairobi nilikuwa nao. Umebaki angani, mahali fulani kati ya Taru na Ukunda, na atakayeuokota asijisumbue kunirudishia.

Kwa asiyenijua: mimi ni Riziki wa Msambweni, umri miaka ishirini na minne, yule aliyekuwa akizunguka dunia peke yake kwa kindege cha injini moja. Imenichukua miezi saba. Leo ilikuwa safari ya mwisho, Nairobi mpaka Ukunda, saa mbili na nusu tu. Nimetua kwenye barafu. Nimetua kwenye visiwa ambavyo ukichelewa kufunga breki unaogelea. Kote huko sikuaibika. Aibu ilikuwa ikinisubiri nyumbani.

Kuna jambo ambalo sikuwahi kuwaandikia humu. Niliondoka bila radhi ya baba.

Mnajua kwetu. Mtu hatoki safari ya maana bila kuwashika wazazi mkono na kuwaambia, nimekuja kuomba radhi, nisameheni nilipowakosea, niombeeni dua. Mama alinipa yake, akalia, akanifunga mahamri. Baba alikuwa ameketi kitandani akitazama ukuta. Huyu ni fundi wa majenereta, ametumikia hoteli moja ya Galu miaka thelathini, na ndiye aliyenifundisha kuisikiliza injini kabla sijajua kusoma. Alisema, "Mtoto wa kike, peke yake, juu ya maji. Mimi mkono wangu siutii hapo." Nikasimama mlangoni mpaka teksi ikapiga honi mara ya tatu. Hakugeuka.

Basi miezi saba kila nikipiga simu mama ananiambia, "Babako hajambo, anakusalimu." (Mama hajui kusema uongo. Sauti yake hupanda juu.) Na nyuma yake nasikia kikohozi. Viwili: kimoja kifupi, kimoja kirefu. Hiyo ndiyo sauti pekee ya baba niliyoisikia tangu niondoke. Nilikuwa nikirefusha mazungumzo na mama, namuuliza habari za kuku, habari za majirani, bei ya nazi, nikisubiri tu kile kikohozi.

Na huko angani nilikuwa na nani? Kiti cha abiria kiliondolewa, likawekwa tangi kubwa la mafuta ya ziada. Nikaliita Bi. Mafuta. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, maana kwa umbo ni mkubwa kwangu. (Hajaitikia hata mara moja. Nilimsamehe.) Ninyi mlinitumia mioyo na mikono ya dua, nawashukuru, lakini ukiwa saa ya tisa juu ya bahari mioyo hiyo haifiki. Redio inavuma tu. Unaita, hakuna anayejibu. Unaandika saa kwenye daftari, unaita tena, hakuna. Siku yangu ya kuzaliwa nilijiimbia mwenyewe, nikajipigia makofi, halafu nikalia mpaka miwani ikaingia ukungu. Sikuwaandikia hayo. Niliwawekea picha ya mawingu.

Sasa ya leo.

Jana Nairobi mama mmoja wa Pwani mwenye duka Eastleigh alinifuata kiwanjani na kilo nzima ya halua. Miezi saba sijaonja halua. Nilijiahidi nitaila nyumbani pamoja na kahawa, kwa ustaarabu. Nilipopita Voi nikaifungua. Kidole kimoja tu, nikasema. Vikawa vitano. Mkono mmoja halua, mkono mwingine usukani, kisha ikabadilishana.

Kwenye usukani pale kidole gumba kinapokaa kuna kitufe cha redio. Ukikibonyeza unasema, ukikiachia unasikiliza. Ukikibonyeza kwa kidole chenye samli na sukari ya Eastleigh, hicho kitufe kinafanya mambo yake. Lakini hilo mimi nitalijua baadaye.

Juu ya Taru nikabonyeza, nikaita Ukunda, nikajitambulisha, nikasema naingia, dakika ishirini na tano hivi. Kimya. Nikaita tena. Kimya. Nikakumbuka bahari zote zile, nikasema moyoni, hata nyumbani. Wala sikushtuka. Nilikuwa nimezoea kutojibiwa.

Redio yenyewe ina herufi mbili ndogo zinazowaka inapokuwa inarusha sauti yako. Sikuziona. Juu yake nilikuwa nimebandika karatasi, na kwenye karatasi nilikuwa nimeandika maneno ya kumwomba baba radhi.

Nikaanza mazoezi.

Ya kwanza niliisoma kwenye karatasi: "Baba yangu mpendwa, kwa heshima na taadhima, nimerejea." Ikawa kama barua ya kuomba nafasi shuleni. Nikamuuliza Bi. Mafuta maoni yake, naye akanyamaza. Ya pili nikaiacha karatasi, nikawaka: "Miezi saba, baba. Miezi saba wanisikia kwenye simu, hata kuniuliza kama nimekula." Nikaona hiyo itanipeleka pabaya. Ya tatu sikuipanga. Nilikuwa nimeshapita Samburu, milima ya Kwale imejitokeza, nyuma yake bahari, bahari yangu sasa, na kidogo kusini najua kuna paa letu la mabati. Maneno yakatoka yenyewe. Nililia pia. Nilisema nini sikumbuki.

Ya nne nikaigiza na baba mwenyewe. Nikakohoa, kifupi na kirefu, nikakaza sauti: "Umerudi? Kwani nani alikutuma?" Nikajijibu. Nikakohoa tena. Nilikohoa vizuri sana, nilijiona hodari. Ya tano nilichanganya zote.

Kati ya radhi na radhi nilikuwa napiga soga na Bi. Mafuta, kama kawaida yetu. Nilimwambia Shangazi Saumu, dada yake baba, lazima atakuwa amepika pilau, na ile pilau yake ni chumvi tupu, tutakunywa maji mpaka Ijumaa. Nikamwambia pia, "Mwenzangu, tukifika, yale ya nepi yabaki baina yetu." (Ndiyo. Saa kumi na nne juu ya maji, kiti kimoja, choo hakuna. Ulidhani nilikuwa nafanyaje?)

Ukunda ikaonekana. Hakuna anayenijibu bado, nikaamua redio yangu imekufa. Kuna utaratibu wake: nikapita juu ya kiwanja, nikatikisa mabawa, nikatazama pande zote, nikaona ndege ya watalii inazunguka mbali juu ya bahari bila sababu, nikashangaa nayo, nikaingia. Nilitua vizuri. Naomba jambo hilo lizingatiwe na kila mtu.

Kando ya kiwanja kulikuwa na hema, viti vya plastiki, na yale maspika makubwa ya harusini. Nikajua ni mapokezi yangu. Nikazima injini, nikafungua mlango, nikasubiri vigelegele.

Hakuna kigelegele. Watu hamsini wamesimama kimya cha matangani. Wanawake wamefunika vinywa kwa leso. Mmoja alikuwa anafuta macho. Mama nilimwona mbele. Baba sikumwona.

Hapo ndugu zangu damu ilinikauka. Nilijua moja kwa moja. Nikakumbuka kwamba tangu juzi sikupiga simu nyumbani. Nikasema, amekufa, na mimi sina radhi yake, na nimekuja na halua. Nilishikilia mlango wa ndege mbele ya watu wote, na sijawahi kuwa peke yangu hivyo, hata kule ambako nchi kavu ilikuwa mbali saa saba kila upande.

Halafu nyuma ya spika nikasikia kikohozi. Kifupi, kirefu.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kanzu yake nyeupe, kofia, mkono umeegemea lile spika kama mtu anayeegemea redio ya zamani kusikiliza taarifa. Mzima wa afya. Nilishuka nusura nianguke.

Kabla sijamfikia akanikatiza Mutiso. Mutiso ni mtu wa Machakos, ndiye anayeshughulika na redio pale kiwanjani. Aliongea polepole, kama daktari.

"Kapteni, karibu nyumbani. Kuna kitu kidogo. Si hiyo batani yako ilikwama."

"Batani gani?"

"Ya redio. Toka Taru. Umekuwa umefinya tu. Sisi hatungeweza kukujibu, hata wenzako huko juu hawangeweza kuongea. Ile ndege ya watalii imezunguka tu huko mpaka wamemaliza kupiga picha."

"Kwa hiyo mmenisikia."

"Tulikuwa tumeunganisha redio na maspika, ndio watu wasikie ukisema umefika."

"Mmesikia nini, Mutiso?"

Akatazama viatu vyake. "Yote. Choo iko hapo nyuma, kama uko na haraka."

Hapo ndipo vile vinywa vilivyofunikwa kwa leso vikashindwa. Ukunda nzima ikaangua kicheko. Kumbe kile kimya hakikuwa msiba, walikuwa wamejibana. Shangazi Saumu akapita katikati yao, amebeba sufuria, uso umejaa heshima.

"Shikamoo, shangazi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Pilau hii hapa. Sikutia chumvi hata chembe."

Nikamgeukia Mutiso. Nilitaka mtu wa kumlaumu. "Sasa mbona hamkuzima?"

"Nilitaka kuzima ukifika kwa nepi. Mzee akakataa. Alisema, wacheni, huyo ni mtoto wangu anaongea na mimi."

Nilitembea mpaka kwenye kile kiti, nikapiga magoti, nikaushika mkono wake. Ile karatasi nilikuwa nimeisahau ndani, imebandikwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Nywele zake zimekuwa nyeupe kuliko nilivyoziacha. "Mimi sikohoi vile."

"Samahani, baba."

"Wewe umekohoa kama ng'ombe. Mimi sikohoi vile."

Mama akadakia hapo hapo, "Wakohoa vile vile. Na kifua chako kizima. Kila simu ya mtoto ikilia wasogeza kiti, wakohoa." Baba akajifanya hakusikia. Mimi nilisikia. Nilikuwa bado nimepiga magoti, na nikafikiria simu zile zote, na kuku, na bei ya nazi.

"Umeomba mara tano," baba akasema. "Ile ya tatu."

"Ya tatu imefanya nini, baba?"

"Hiyo ndiyo niliyoitaka. Iseme mbele yangu, nikupe."

Sasa tazameni balaa. Ya kwanza naijua, ipo kwenye karatasi. Ya pili naijua, hasira haisahauliki. Ya nne nina kikohozi chake. Ya tatu, ile moja inayotakiwa, imefutika kabisa. Nimepiga magoti mbele ya Ukunda nzima, mkono wa baba mkononi, mdomo wazi, sina neno.

"Baba... mimi..."

"Siyo hiyo," akasema mwanamke mmoja nyuma.

"Nilikuwa... nilipokuwa mbali..."

"Ilianza na injini," akasema mwingine.

Ikabidi Mutiso aje. Mutiso wa Machakos, ambaye kwao hata hawaombi radhi kwa mtindo wetu, akachuchumaa kando yangu na kuninong'oneza sikioni, kidogo kidogo, na mimi narudia kwa sauti kama bwana arusi anayefuatisha maneno ya kadhi.

"Baba, kila asubuhi nilipowasha injini niliisikiliza kama ulivyonifundisha."

"Kila asubuhi nilipowasha injini niliisikiliza kama ulivyonifundisha."

"Ilikuwa ni kama uko hapo."

"Ilikuwa kama uko hapo."

"Lakini hukuwa hapo, na mimi niliogopa sana."

Hiyo nilishindwa kuirudia. Nikatikisa kichwa tu, kwamba ndiyo, ni hivyo hivyo. Baba akaweka mkono wake kichwani pangu, ule mkono ambao alisema hatautia hapo, mzito na unaonuka dizeli hata baada ya kuoga.

"Radhi ya Mungu na yangu unayo," akasema. "Na nilikosea kutazama ukuta." Kisha akauinua mkono, akautazama. "Kwani una nini kichwani? Wanata."

Halua. Nilikuwa nimeifikisha hadi kwenye nywele.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Rubani wa ile ndege ya watalii alipita baadaye, akanipungia mkono, akasema anatumaini pilau imekaa sawa. Kesho nitaandika barua ya maelezo kwa wakubwa wa anga, na sijui halua naiandikaje kwa lugha ya serikali. Baba yuko kiwanjani na bisibisi, amekifungua kile kitufe na anakisafisha kwa spiriti, amemfukuza kila anayemkaribia. Amemkuta Bi. Mafuta ndani na nimeambiwa amemsalimia.

Mimi niko nyumbani Msambweni nawaandikia, sahani iko mapajani, na nje kuna watu wengi kuliko niliowaona miezi saba. Msinicheke. Radhi nimepata. Chumvi bado, na naogopa kuiomba kwa sauti.